Kiti cha Yufonia

9 Februari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Sisi huku tupo, tunapumua, na tunanuka sabuni kama kawaida. Mama goti lake limetulia tangu aache kupanda ngazi za ghala, ila mdomo ndio haujatulia. Anakusalimu, na anauliza lile blanketi uliloahidi mwaka juzi linafumwa na wewe au na buibui. Kaka amepata mapacha wa kike, wote wanalia kwa sauti moja, na baba anasema hatimaye ukoo umepata watu wawili wanaokubaliana. Baba mzima.

Mambo ya "dhumuni la barua hii" niliyofundishwa shuleni nayaacha, naingia moja kwa moja. Unajua bendi nzima ya kiwanda inaniita Kiraka. Sidhani kama unajua sababu. Hapa kwetu, kuanzia korneti ndogo mpaka tuba, wote tunasoma ufunguo wa G, ile alama ya mwanzo wa mstari inayosema kila nukta ni sauti gani, na vidole ni vilevile kwenye kila chombo. Anayejua kupiga kimoja anaweza kuamka kesho akakabidhiwa kingine. Ni utaratibu mzuri sana kwa kiongozi wa bendi. Kwa binti wa kiongozi wa bendi ni balaa. Nilianza na korneti. Mpiga honi alipoolewa, nikapelekwa kwenye honi. Mpiga baritoni alipogombana na baba, nikaziba pale. Mwaka jana fundi wa boila alistaafu akaacha yufonia, lile tarumbeta kubwa la kupakata, na baba hakuniuliza hata kama nimekula, akanionyesha kiti kwa kidole.

Lakini safari hii, Shangazi, nimependa. Ile sauti nene, ya upole, inayotoka tumboni, ni yangu. Sitaki kuhamishwa tena. Na ninajua nitahamishwa.

Dereva wa lori la sabuni, huyu anayetubebea barua, ameona tangazo kwenye ukuta wa ukumbi wenu: bendi yenu ya jiji inatafuta mpiga yufonia, usaili ni Juni. Nyie mnasoma ufunguo wa F. Mimi nikiuona huo naona sisimizi tu wametembea juu ya karatasi. Nifundishe. Nataka kiti kimoja ambacho nikishakikalia, hakuna wa kunitoa. Na niambie, ni nani aliyekiacha hicho?

Tafadhali usimwandikie baba.

Wako,
Kiraka

2 Machi

Kiraka wangu,

Marahaba, tena marahaba ya kukumbatia. Mwambie wifi yangu kwamba blanketi halina miguu, likiisha litapanda lori. Mapacha nimewafurahia, wapige busu kisha uwape hizo soksi, wagawane wasigombane. Mimi nipo katika chumba kilekile cha jengo la bendi, ghorofa ya tatu, na dirisha langu bado linatazama ukuta wa jirani. Nimeutazama miaka mingi hivi kwamba wakipaka rangi nitahisi nimehamishwa. Yufonia yangu nayo ni ileile, na kile kibonyeo kwenye mdomo wake mpana bado kipo, nilipoidondosha kwenye ngazi siku ya mvua. Fundi alitaka kukinyoosha nikamkatalia. Kidole gumba changu cha kushoto kimeshajenga pale.

Haya, tusikilizane. Sauti haibadiliki. Chuma ni kilekile na midomo ni ileile. Kinachobadilika ni nukta inakaa wapi na inaitwaje. Chukua ile do yenu ya chini, yenye kamstari kake peke yake nje ya mistari mitano, ambayo hubonyezi kitufe chochote cha vali. Kwetu sauti hiyohiyo inakaa mstari wa pili kutoka chini, na tunaiita B-flati, maana ndiyo inayosikika kwelikweli. Nyie mnaandika jina la vidole, sisi tunaandika jina la sauti. Hakuna aliyekosea. Ufunguo wenu unakupa viti vyote vya bendi moja, na huu wetu unakupa kiti kimoja katika bendi nyingi. Lazima ujue unataka upi, kwa sababu kuzijua funguo zote mbili kuna gharama zake, ambazo leo sina nafasi ya kuzieleza.

Nimeweka humu wimbo wa usaili. Anza polepole.

Aliyekiacha kiti asikuumize kichwa. Kiti ni kiti. Kaka yangu, baba yako, bado anapiga korneti ya mbele?

Shangazi yako

30 Machi

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, lori liliharibika gia, likalala njiani na sabuni zake. Soksi zimefika. Pacha mmoja anatafuna yake, mwenzake anatafuna ya mwenzake. Mama hajambo.

Najificha kufanya mazoezi kwenye ghala la vipande vya sabuni vilivyokatika, nyuma kabisa, ambako unga wa sabuni unanipigisha chafya katikati ya kila mstari. Nimekwama, na nimekwama kwa ujinga wangu mwenyewe. Tangu utoto baba anatuambia: chombo chetu ni cha B-flati, sauti inatoka chini ya jina lake. Basi mimi nikaona nukta zako, nikasoma majina yake, na kwa kuwa chombo ni cha B-flati, nikashusha kila nukta hatua moja. Nikafanya hivyo wiki nzima kwa bidii ya mchwa. Kisha nikamwomba mwalimu wa chekechea anisindikize kwa kile kinanda chao chenye stika za wanyama. Tulipoanza, watoto waliziba masikio. Mmoja akaniambia, "Dada, kimeharibika!"

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba niliisahau karatasi yako mezani. Baba aliiona. Alikula, akasonya kwa sababu ya chumvi, akatoka. Kesho yake asubuhi nikakuta wimbo wote umenakiliwa kwa mkono wake, wino mweusi, kila nukta imenyooka, kwa ufunguo wa G. Karatasi yenyewe ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe changu. Nikaupiga kwa mara ya kwanza bila kosa hata moja, Shangazi, na karibu nilie kwa utamu wake.

Sasa niambie. Ili anakili hivyo, ni lazima aujue ufunguo wa F. Anaujua! Bendi nzima hatujawahi kumsikia akiutaja. Kwa nini?

Kiraka

22 Aprili

Kiraka,

Natumaini mko salama. Huku mvua imeanza na ndoo yangu iko kazini chini ya dari. Kichwa kilinisumbua kidogo, sasa nafuu.

Hiyo nakala ya baba yako ichome. Nasema ichome, usiikunje ukaiweka chini ya godoro, maana nakujua. Ni nzuri, naamini; kaka yangu ana mkono wa malaika. Lakini ukijifunza kwa hiyo utafika kwenye usaili unaujua wimbo na huujui ufunguo. Watakuwekea karatasi nyingine hujawahi kuiona, na hapo kaka yangu hatakuwepo kukunakilia. Amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na bahati mbaya ni kwamba hata yeye anadhani ni mafuta kweli.

Kosa lako ni la kawaida. Karatasi ya ufunguo wa F imeshaandikwa kwa sauti yenyewe, na wewe ukaishusha tena. Vidole vyako navyo vimezoea kushusha bila kuambiwa, kwa hiyo ukawa umeshuka mara mbili. Acha kabisa kupiga hesabu. Usijiulize "hii kwetu ingekuwa nini?" Hakuna kwetu. Nukta ya mstari wa pili, yenye flati: mkono wazi, bila vali. Nukta ya mstari wa tatu, D: vali ya kwanza na ya pili. Basi. Jicho lione, vidole viende, kama unavyomwona mama yako ukajua ni mama yako bila kumtafsiri.

Kuhusu kaka yangu kuujua, ndiyo, anaujua. Mengine muulize yeye.

Nilikuuliza kama bado anapiga korneti, ukanijibu habari za soksi.

Shangazi yako

19 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mama anakusalimu, blanketi ameacha kuuliza, kwa hiyo sasa ndiyo uogope. Mapacha wameota jino moja kila mmoja, wiki moja.

Naona mambo ya meno siwezi kuyakwepa tena. Baba hapigi. Fizi zake zilianza kuoza mwaka jana, akaficha. Mwezi wa kwanza yale mawili ya mbele yalidondoka, moja baada ya jingine, na la tatu linacheza. Unajua korneti bila meno ya mbele ni nini. Hakuna cha kuegemeza midomo. Siku hizi anaongoza kwa fimbo tu, na pale penye solo anaiimba kwa mluzi, na mluzi wenyewe unatoka pembeni. Hakuna anayecheka. Nakwambia, heri wangecheka.

Na ameshaniambia. Mwezi wa nane kiwanda kina sherehe yake ya miaka, na korneti ya mbele nitapiga mimi. Alisema hivyo huku anafunga kamba za viatu, kama mtu anayenituma dukani. Nyumba tunayokaa ni ya kiongozi wa bendi, unakumbuka. Bendi ikilegea, ofisi inaanza kuuliza nyumba ni ya nini. Sikuweza kusema hapana. Sikusema ndiyo pia. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Nakuja kwenye usaili. Nimemwambia nakuja kukusalimia wewe. Aliniangalia, akasema, "Msalimie." Basi.

Ufunguo wa F naupata siku nyingine, siku nyingine unanitoroka. Nakala sijaichoma. Nilijaribu.

Nawe hujanijibu. Ni nani aliyekiacha kiti?

Kiraka

3 Juni

Kiraka,

Kwa haraka, dereva anapiga honi. Pole kwa kaka yangu. Nimesoma nikakaa chini. Wiki ya usaili bendi itakuwa safarini na mimi nitakuwa nayo, kwa hiyo utalala kwa fundi cherehani wa ghorofa ya pili, nimeshamwambia, mtu mwema sana, ila anakoroma. Usinisubiri. Kula kabla ya kupiga, lakini usishibe.

Shangazi

28 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Salamu nyingine zote jaza mwenyewe, mimi leo nina hasira.

Nilifika. Ukumbini waliniambia chombo changu nikiache, kila msailiwa atapiga kile cha bendi, kile cha kiti chenyewe. Wakanikabidhi. Nikakipakata, mkono wangu wa kushoto ukazunguka mdomo wake, na kidole gumba kikazama kwenye kibonyeo ulichoniandikia. Kikakaa kabisa, kama kimepimiwa.

Nilitaka kuinuka niondoke. Sikuinuka, kwa sababu yule mzee mwenye miwani alikuwa ameshasema, "Tafadhali." Wimbo wa usaili nilipiga kwa kukariri, na nilipiga vizuri. Halafu wakaweka karatasi mpya, na vidole vyangu vikakimbilia kwa baba. Nukta nne za mwanzo zote zilikuwa za ufunguo wa G, mchafuko mtupu. Nikasimama. Nikaomba kuanza upya. Nikajiambia, hakuna kwetu, hakuna kwetu, na nikasoma mpaka mwisho, taratibu kama bibi harusi, lakini sikukosea tena.

Kisha mzee wa miwani akauliza, "Ufunguo wa G pia unausoma?" Ndiyo. "Korneti unapiga?" Ndiyo. "Honi? Baritoni?" Ndiyo, ndiyo. Wakatazamana wakatabasamu, na mimi mjinga nikatabasamu nao.

Sasa nieleze, safari gani ya bendi wakati bendi yote ilikuwa uani inafanya mazoezi? Nilipanda ghorofa ya tatu. Nilibisha hodi mlangoni kwako mara nyingi. Hakuna aliyefungua. Lakini kuna mtu alikohoa ndani, na kikohozi cha ukoo wetu nakijua. Nilikaa pale ngazini nimeegemea mlango wako mpaka fundi cherehani akaja kunichukua.

Kwa nini?

Kiraka

20 Julai

Kiraka, mwanangu,

Sina salamu za kupamba. Nilikuwa ndani. Nilikuwa nimekaa chini, nimeegemea mlango uleule upande wa pili.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, na fizi za kaka yangu ndizo zangu. Meno yangu ya mbele yalitoka Desemba. Daktari amenitengenezea ya bandia, mazuri ya kuchekea na kulia mkate, lakini ukipuliza yanahama. Kiti nilichokuwa nakaa ni hicho ulichofanyiwa usaili. Sikukwambia kwa sababu ungekuja kwa kunihurumia, au usingekuja kabisa. Na sikukufungulia kwa sababu sikutaka kitu utakachokikumbuka kila ukipuliza kiwe mdomo wangu. Nilijua ukiuona utaanza kuhesabu meno yako.

Uliniuliza kwa nini baba yako hafundishi ufunguo wa F. Aliufundisha, kwa mtu mmoja. Mimi ndiye. Alinifundisha pale pale mezani penu, kwa furaha, na nilipoujua nikaondoka. Tangu hapo hajaufundisha mtu.

Matokeo yametoka. Kiti amepewa bwana mmoja mnene asiyejua hata kusoma ufunguo wa G. Wewe wamekusifu kuliko wote. Wanakupa nafasi ya akiba, kwa mkataba mrefu: atakayeugua au kusafiri, iwe korneti, honi, baritoni au yufonia, wewe unakaa pake. Nilikwambia kuzijua funguo zote mbili kuna gharama. Yule bwana ujinga wake umemlinda. Wewe umetoka kuwa kiraka cha nguo moja, sasa wanataka uwe kiraka cha kabati zima.

Chumba hiki ni cha mwenye kiti. Natakiwa kukiachia mwisho wa Agosti. Sijaamua niende wapi, kwa hiyo usiniulize.

Shangazi yako

25 Agosti

Shangazi mpendwa, shikamoo tena na tena.

Mama goti limeanza upya. Mapacha wanatambaa, mmoja mbele, mwingine kinyumenyume. Hasira zangu zimekwisha. Ngoja nikusimulie.

Siku niliyopata barua yako baba alinikabidhi korneti yake. Alikuwa ameisugua mpaka inakurudishia sura. Akasema, "Kesho ukae mbele." Na mimi, sijui niliutoa wapi, nikamwambia, "Baba, siwezi. Ufunguo wa G umenitoka kichwani. Huu wa F umeufuta wote."

Uongo wa mchana kweupe. Mtu hasahau kusoma alichosoma tangu ana miaka saba. Niliwaza, yule bwana mnene ujinga wake ulimlinda, acha na mimi niwe mjinga. Baba alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyepiga nje ya sauti makusudi. Akasema, "Kweli?" Nikasema, "Kweli." Akairudisha korneti kwenye sanduku lake, akafunga vibanio vyote viwili.

Nilidhani amenuna. Kila jioni akitoka kazini alikuwa anakaa barazani na wino na rula, hasemi na mtu. Wiki ya sherehe nikakuta kwenye kiti changu jalada zima. Nyimbo zote za bendi, sehemu zote za yufonia, ameziandika upya moja moja kwa ufunguo wa F. Kwa ajili yangu mimi niliyesahau. Mkono umemwia mzito, kuna kurasa amesahau zile flati mbili mwanzoni mwa mstari, na nyingine amefuta mpaka karatasi ikatoboka. Juu ya jalada hakuandika Kiraka. Ameandika, "Mpiga yufonia."

Kiti cha korneti ya mbele hakumweka mtu. Siku ya sherehe kilikaa kitupu mbele ya watu wote, na solo ilipofika baba akakigeukia, akakiongoza kwa fimbo mpaka solo ikaisha, kimya, sisi tukipiga chini yake. Wageni wa ofisini walidhani mpigaji kachelewa. Mimi nililia huku napuliza, na ukitaka kujua shida, jaribu hiyo.

Bendi ya jiji nimewajibu hapana.

Wewe njoo. Najua hukutaka niulize, basi siulizi, nakwambia. Kitanda kipo chumbani kwangu, nimeshakihamishia upande wa dirisha, na hapa halitazami ukuta. Baba nimemwambia meno yako yamefuata yake. Akasema, "Basi atanisahihishia hizo flati." Mama anasema uje na blanketi au usije. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Shangazi, na ukingo wenyewe ni sisi.

Nilikuandikia Februari kwamba nataka kiti kimoja ambacho hakuna wa kunitoa. Nimekipata. Jana baba alianza jalada la pili, nyimbo ambazo hatujawahi hata kuzipiga, anasema zitatosha miaka mingi. Namwona kutoka hapa nilipokaa, ameinama, ulimi umetokeza pale penye pengo, anachora ufunguo wa F. Ningeweza kumwambia mara moja tu, "Baba, nilidanganya, weka kalamu chini." Lakini akiiweka, lile sanduku la korneti litafunguliwa tena. Naogopa, Shangazi. Lori linarudi Ijumaa. Panda.

Mpiga yufonia